TAHADHARI: Muuzaji wa "taa wadogo wasiokua" wa maji baridi

Wafugaji wenzangu, kuna mtu anauza taa wa maji baridi (wale samaki bapa wenye mwiba wa sumu mkiani) mtandaoni na ameshaumiza watu kadhaa, mimi nikiwa mmoja wao. Jina silitaji kwa sababu halisaidii: malalamiko yakizidi anafuta akaunti na kufungua nyingine, kwa hiyo kwako atakuja na jina jipya. Asichobadilisha ni mbinu, na hizo ndizo nataka mzijue kabla hamjamtumia hela.

Chambo chake ni picha ya taa mchanga, mpana kama kisahani cha chai, na maelezo kwamba hiyo ni aina ndogo isiyokua, inayotosha tangi la kawaida la sebuleni. Ndugu zangu, huo ni uongo mtupu. Karibu taa wote wanaofugwa kwa jina hilo ni wa jenasi ya Potamotrygon (kwa kifupi P.), wenyeji wa mito ya Amerika ya Kusini kama Amazon, Orinoco na Paraná, na hakuna hata mmoja anayebaki na ukubwa wa kisahani. P. wallacei, ambaye ni miongoni mwa wadogo kabisa, hukaribia sentimita 30 za upana wa mwili bila kuhesabu mkia. Na mara nyingi anachouza huyu bwana ni mtoto wa P. motoro, ambaye akilelewa vizuri hufika nusu mita na kuzidi. Samaki wa namna hiyo anataka tangi ambalo upana wake kutoka kioo cha mbele hadi cha nyuma unampa nafasi ya kugeuka bila kukunja mwili, walau sentimita 90, na urefu wa zaidi ya mita mbili. Kina cha maji si hoja kubwa. Eneo la sakafu ndilo hoja.

Sasa utauliza, kwa nini wateja wake wa mwanzo walimwamini? Kwa sababu wale taa kweli hawakukua. Hawakukua kwa kuwa walikuwa wanakufa njaa.

Nimemwona wa kwangu kwa macho yangu. Mfuko ulipofunguliwa, kingo za mwili zilikuwa zimejikunja kwenda juu, dalili ambayo mfugaji yeyote wa taa akiiona moyo unamdunda. Tumbo limebonyea. Karibu na mzizi wa mkia gegedu (mifupa laini) za nyonga zilikuwa zimetokeza chini ya ngozi, vinundu viwili unavyoweza kuvihesabu ukiwa umesimama mbali. Mwiba wa mkiani ulikuwa umekatwa kwa koleo, kimebaki kisiki na nyama nyeupe inayooza pembeni. Nilimwandikia muuzaji papo hapo na picha nikaambatanisha. Jibu lake: "Maji yako ndiyo mabaya, umemuua mwenyewe." Taa alikuwa bado hajagusa maji yangu. Tangi lilikuwa limeshakomaa, yaani tayari kupokea samaki: amonia sifuri, naitraiti sifuri (hizo ni sumu zitokanazo na uchafu wa samaki), joto nyuzi 27. Na hata bila vipimo, nyonga za samaki hazitokezi kwa safari ya siku moja. Hiyo ni njaa ya wiki nyingi. Samaki alikufa, na mimi nikazuiwa nisimpate tena kwa simu wala kwa ujumbe. Wenzangu waliouziwa naye wamenionyesha majibu yao: maneno ni yale yale, neno kwa neno.

Hilo la mwiba nisilipite haraka, maana linagusa usalama wa watu. Anajitangaza kwamba taa wake "wametolewa sumu", eti hata mtoto anaweza kuwashika. Mwiba uliokatwa huota tena. Hata usipokatwa, taa huota mwiba mpya wenyewe mara kwa mara, na unaweza kukuta miwili mkiani kwa wakati mmoja. Una meno pembeni na umefunikwa na ngozi yenye sumu. Ukichoma unapasua, na maumivu yake ni makali mno. Dawa maalumu ya kuzima sumu hiyo haipo. Akikuchoma, tumbukiza kidonda kwenye maji ya moto unayoweza kuvumilia bila kuungua, takriban nyuzi 45, huku unapelekwa hospitali, kwa sababu vipande vya mwiba huweza kubaki ndani na kidonda kikaoza. Mtu anayemwambia mzazi kwamba mtoto ashike taa ni mtu hatari, basi.

Siku hizi ameongeza biashara mbili. Moja ni "jozi ya kuzalisha". Waliouziwa wengine wamekuta ni madume wawili, na kulijua hilo ni rahisi kabisa: dume ana viungo viwili virefu vya uzazi kwenye mapezi ya nyuma, kila upande wa mzizi wa mkia, na jike hana. Mwambie akuonyeshe tumbo la kila mmoja. Nyingine ni taa weusi wenye madoa meupe, anaodai ni P. leopoldi halisi waliovuliwa mto Xingu, Brazil. Muulize karatasi. Mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, uliofanyika Panama mwaka 2022 uliwaingiza P. leopoldi, P. henlei na wenzao kadhaa kwenye Kiambatisho cha II, orodha ya viumbe ambao biashara yao inadhibitiwa, kwa hiyo kuwavusha mpaka kunahitaji kibali cha nchi watokako. Yeye ukimuuliza kibali anasema mzigo unaisha leo, wahi kulipa.

Picha zake nyingi ni za kuiba. Usikubali picha wala video ya zamani. Dai video anayorekodi saa hiyo hiyo, kwenye karatasi kumeandikwa tarehe na jina lako, kisha atupie minyoo au vipande vya nyama ya kamba wa baharini ndani ya tangi. Taa mzima hukifuata chakula mara moja na kukifunika kwa mwili. Matundu yaliyo nyuma ya macho hufunguka na kufunga kwa mwendo wa taratibu usiokatika. Muuzaji wa kweli hufurahia ombi hili. Huyu hukasirika, na hapo achana naye.

Kama tayari unaye taa aliyetoka kwake na bado yu hai, usikimbilie dawa yenye shaba, inawaua taa. Mpe maji safi yaliyopimwa, mchanga laini au sakafu tupu, funika hita asije akajiunguza kwa kuilalia, na umpe minyoo hai kidogo kidogo mara nyingi kwa siku. Akipona na tangi likamshinda, mtafutie mfugaji mwenye nafasi. Asitupwe mtoni wala bwawani: huko Singapore P. motoro waliotupwa wamezaana kwenye mabwawa ya maji ya akiba.

Na tafadhali hifadhi mazungumzo yote na risiti za malipo kabla hajakuzuia. Ripoti namba aliyopokelea hela kwa kampuni ya malipo na kwa polisi, hata kama kiasi unakiona kidogo. Akaunti anabadilisha kila siku, lakini hela lazima zipite mahali.