Kashata tamu, lebo yenye kasoro

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikinunua kashata za nazi katika duka dogo lililo kwenye kichochoro kinachotokea Usita wa Mui, hapa Lamu, na kila nisafiripo kwa mashua kwenda Kiwayu sikosi kubeba robo kilo. Zamani zilifungwa kwa karatasi ya kaki; siku hizi zinauzwa katika boksi lenye lebo iliyochapwa, na lebo hiyo ndiyo iliyonifanya niandike tathmini hii.

Kashata zenyewe sina la kuzilaumu. Nazi hukunwa kwa mbuzi na haikamuliwi tui, sukari hupikwa hadi ikashika bila kuungua, na iliki hutiwa kwa kiasi, hivyo kipande hukatika kwa mlio kisha kikalainika mdomoni.

Lebo inasema kwamba gramu 100 zina mafuta gramu 24, wanga na sukari gramu 60, protini gramu 4, na nishati kalori 352. Namba hiyo ya mwisho niliitilia shaka mara moja, kwani chini ya boksi palikuwa na doa la mafuta la upana wa kiganja. Gramu ya sukari au ya protini huupa mwili takriban kalori 4, lakini gramu ya mafuta hutoa 9 (hata pombe, isiyo na nafasi katika kashata, hutoa 7). Viwango hivi, vilivyotokana na kazi ya mkemia Mmarekani Wilbur Atwater mwishoni mwa karne ya 19, ndivyo vinavyotumika kwenye lebo hadi leo. Kwa hesabu hiyo mafuta yanatoa 216, sukari na wanga 240, na protini 16, jumla 472. Aliyeandika lebo alizidisha kila kitu kwa 4.

Nilipomweleza mwenye duka, mzee mpole, aliniuliza, "Mwanangu, kwani gramu ya mafuta na ya sukari si uzani mmoja?" Uzani ni mmoja, ila sukari imekwisha kushikana na oksijeni nyingi, mfano wa kuni zilizoungua kidogo kabla ya kutiwa mekoni, ilhali mafuta yana oksijeni kidogo mno na karibu yote yamebaki ya kuungua. Ndiyo maana kilo ya samli hubeba takriban megajuli 37 (kipimo kingine cha nishati), si mbali sana na petroli ya mashine ya mashua, yenye takriban 45.

Kwa msafiri kosa hili ni heri, maana tende hutoa takriban kalori 280 tu kwa gramu 100. Kwa anayepima chakula chake kwa amri ya daktari si jambo dogo: robo kilo inamficha kalori 300.

Boksi nililonunua juzi lina 352 iliyokatwa kwa kalamu, na 472 imeandikwa pembeni kwa mkono. Bei haijabadilika, shilingi 200 kwa robo kilo.