Nimefunga upya mfuniko wa difu ya Land Rover 110 nyumbani: mara ya kwanza ilivuja, ya pili imeshika

Kwa karibu mwaka mzima nimeishi na kipande cha boksi chini ya gari. Jioni nikirudi nakisukuma chini ya difu ya nyuma (lile tumbo la gia katikati ya ekseli), asubuhi nakitoa nahesabu madoa. Mwanzoni yalikuwa mawili matatu, ukubwa wa sarafu ya shilingi mia. Kufikia Machi mwaka huu boksi zima lilikuwa jeusi, na uani kwetu kunanuka oili ya gia, ile harufu nzito ya kiberiti ambayo ikikuingia mikononi hata sabuni ya mche haiitoi kwa siku moja.

Gari lenyewe ni 110 ya injini ya 300Tdi, ya 1997, yenye ekseli aina ya Salisbury nyuma. Linabeba dagaa kutoka Kayenze na Igombe, kando ya Ziwa Victoria, kuja soko la Mwaloni pale Kirumba, Mwanza, na siku nyingine linavuka daraja la Kigongo–Busisi kwenda Sengerema. Ndilo linalolipa ada za watoto. Naandika kwa ajili ya mwenye gari kama langu, kwa sababu kazi hii nimeifanya mara mbili kwa mikono yangu, na kilichoitofautisha ile iliyoshindikana na hii iliyoshika ni mambo madogo ambayo gereji hakuna aliyenieleza.

Gereji mfuniko huo ulishafunguliwa mara mbili ndani ya miezi saba. Fundi alitumia silikoni nyekundu, ile gundi ya kuzibia badala ya gasketi, kutoka kwenye tyubu iliyokwishafunguliwa siku nyingi, mdomo wake umezibwa kwa msumari. Akapaka nene, akakaza bolti kwa nguvu zake zote, akajaza oili papo hapo. "Tayari bosi." Elfu thelathini na tano kila safari, oili ni yangu. Wiki ya pili doa limerudi. Simlaumu kwa kutojua kazi. Foleni ya magari ilikuwa nje ya geti na kila mtu anataka lake liondoke. Lakini kazi hii haitaki haraka, na nyumbani ndiko ninakoweza kuipa muda.

Tahadhari moja kabla hujanunua chochote. Kama una Hilux au Land Cruiser ya zamani yenye ekseli ngumu, kile kibakuli unachokiona nyuma ya difu kimechomelewa, hakifunguki. Difu yake inatokea mbele, na lazima uvute shafti za magurudumu kwanza. Salisbury inafunguka nyuma kwa bolti 10, na magurudumu huyagusi.

Nilinunua silikoni ya kijivu ya Abro, tyubu ya gramu 85, kwa shilingi 7,000. Niliichagua ya kijivu kwa sababu inavumilia oili vizuri, na difu haipati joto la kuhitaji ile nyekundu ya kwenye eksozi. Oili ya gia nilichukua 80W-90 (uzito wake) ya GL-5 (daraja lake), lita tatu; difu hii inakula lita 2.3. Juu ya hapo msasa laini, tina ya rangi nusu lita, brashi ya waya, kisu cha puti na matambara mengi. Hayo matambara usiyapunguze.

Mara ya kwanza nilianza Jumamosi alasiri. Nikazungusha gari hadi Pasiansi na kurudi ili oili ipate joto na iwe nyepesi, nikaweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu (110 iko juu, unaingia chini bila jeki), kisha nikafungua bolti ya kujazia kabla ya kugusa ya kumwagia. Mpangilio huo una sababu. Ukishamwaga oili ndipo ukute bolti ya kujazia imeganda kwa kutu, gari halitoki hapo.

Oili ilipoanza kushuka nilishtuka. Haikuwa nyeusi, ilikuwa rangi ya chai ya maziwa. Maana yake maji yameingia. Nikajiambia ni mvua za masika, nikaendelea, na hilo ndilo kosa lililonigharimu zaidi. Bolti nane nikazitoa, mbili za juu nikaziacha zimelegea, nikapenyeza kisu ubavuni. Mfuniko ukaachia, oili iliyobaki ikamwagika kwenye karai. Ndani meno ya krauni, ile gia kubwa ya difu, yalikuwa mazima, na kwenye bolti ya kumwagia kulikuwa na ungaunga wa kijivu tu, laini kati ya vidole. Huo ni wa kawaida. Ungekuta vipande vinavyochoma kidole, funga kila kitu utafute fundi wa difu.

Nikakwangua, nikafuta kwa petroli, na giza likanikuta. Nikaning'iniza taa nikapaka silikoni hivyo hivyo. Wa Mwanza mnajua kinachofuata ukiwasha taa nje karibu na ziwa: wale wadudu wanaopanda kama moshi walikuja wote, na waliotua kwenye silikoni mbichi hawakuruka tena. Nikafunga, nikasubiri saa mbili, nikajaza oili kwa sababu alfajiri nilikuwa na mzigo Kayenze. Wakati wa kurudi, kabla sijafika uwanja wa ndege, mfuniko ulikuwa umelowa.

Nilipoufungua tena wiki iliyofuata ndipo nilipojifunza. Silikoni ya upande wa juu ilikuwa imeng'ang'ania chuma, ilibidi niikate kwa kisu. Ya chini, theluthi nzima ya duara, ilibanduka kwa ukucha kama ngozi ya maziwa yaliyochemka, na nyuma yake kulikuwa na utando wa oili. Wadudu walikuwemo, wamelala ndani kama ufuta kwenye mkate. Lakini tatizo kubwa ni huo utando. Difu ukishaifungua, oili inaendelea kushuka polepole kutoka kwenye krauni na beringi kwa saa nyingi, na inaishia kwenye ukingo wa chini, pale pale unapotaka silikoni ishike. Unafuta, unaona pamekauka, baada ya dakika tano pameng'aa tena. Petroli nayo inaacha mafuta yake.

Safari hii nikaiacha wazi usiku kucha, nimeiziba kwa kitambaa safi na mfuko wa nailoni. Asubuhi ukingo wa chini ulikuwa na mstari mwembamba wa oili. Nikaufuta, nikasubiri, nikaufuta tena. Ndani nikajaza matambara ili makombo ya silikoni ya zamani yasiingie kwenye beringi, nikasafisha ukingo wote kwa kisu, msasa, na mwisho tina, nikibadilisha kitambaa hadi kikatoka cheupe. Na matundu ya bolti pia, maana oili iliyojificha humo inasukumwa nje unapokaza.

Mfuniko nao ulikuwa na lake. Ni bati lililofinyangwa, si chuma cha kumimina, na kila tundu la bolti lilikuwa limebonyea kwa ndani kwa sababu ya kukazwa kupita kiasi. Niliulaza juu ya kioo cha dirisha nikaona mwanga unapita kati ya tundu na tundu. Jirani yangu fundi wa kuchomelea ana kipande cha reli anachotumia kama fuawe. Tukaugeuza, tukagonga kidogo kidogo kwa nyundo hadi ukalala sawa. Kwa mfuniko uliopinda namna ile, gasketi ya karatasi isingeshika. Ukiwa umenyooka si mbaya.

Silikoni nilipaka saa tatu asubuhi, mwanga upo na wadudu hawapo. Mstari mmoja usiokatika, unene kama wa penseli nyembamba, unapita upande wa ndani wa matundu na kuzunguka kila tundu. Nikasubiri kama dakika kumi hadi ikaota ngozi, nikaupeleka mfuniko moja kwa moja bila kuutelezesha, bolti nikaziingiza kwa vidole tu. Baada ya saa moja nikakaza kwa kukingamisha, juu kisha chini, kulia kisha kushoto, robo mzunguko kila moja. Usikaze kama nati za gurudumu. Ukizidisha unaikamua silikoni yote nje na kulibonyeza bati upya.

Halafu nikaondoka. Saa 24 kamili bila kujaza oili. Silikoni hii haikauki kama rangi, inaganda kwa kuvuta unyevu wa hewa kuanzia nje kwenda ndani, kwa hiyo ngozi ya juu inakudanganya wakati ndani bado ni laini. Mama watoto aliuliza mara mbili kama kweli Jumatatu dagaa hawaendi. Hawakwenda. Hasara ya siku ile ilikuwa kubwa kuliko bei ya silikoni mara kumi, na ningeilipa tena.

Bado swali la maji. Alinisaidia mzee mmoja wa mtaani kwetu aliyeendesha malori ya pamba zamani. Nilimwamkia akipita, akasimama, akaangalia karai la ile oili ya rangi ya chai. "Mwanangu, difu yako inapumulia wapi?" Sikuwa na jibu. Akaniambia niguse juu ya ekseli, na pale kwenye kitundu cha kupumulia nikakuta donge la tope lililokauka, gumu kama tofali. Hapo yote mawili yakaeleweka. Difu ikipata joto hewa ya ndani inapanuka. Isipopata pa kutokea inasukuma oili kupitia sili na mfuniko. Na mimi nilikuwa na tabia ya kurudisha gari kinyumenyume mwaloni Kayenze, magurudumu ya nyuma ndani ya maji, ili magunia yatoke mtumbwini yaingie garini moja kwa moja. Ekseli yenye joto ikitumbukia kwenye maji ya baridi, hewa ya ndani inasinyaa ghafla, na difu inavuta maji pale inapoweza. Yale hayakuwa maji ya mvua. Nilikuwa nalinywesha ziwa gari langu kila wiki.

Nilizibua kitundu, nikafunga mpira mpya na kuupandisha juu kwenye bodi, mbali na maji na tope. Gharama yake haikufika elfu tano. Sasa magunia yanabebwa kwa mabega hadi nchi kavu, na vijana wa pale nawaongezea kidogo.

Kujaza oili nako kuna jambo kwa sisi wa milimani. Oili inajazwa hadi inapoanza kuchuruzika kwenye tundu la kujazia, lakini kipimo hicho ni kwa gari lililosimama pa tambarare, na kwangu Kitangiri hakuna tambarare hata ya kuweka ndoo. Nilipima lita 2.3 kwa chupa, nikatia kwa mpira na chupa ya kubonyeza, kisha nikateremka taratibu hadi barabarani palipo sawa, nikafungua na kuongeza kidogo iliyopungua. Oili chafu iko kwenye dumu, nimempa fundi seremala wa kupaka nguzo dhidi ya mchwa. Tafadhali isiende mtaroni. Mitaro yetu yote inaishia ziwani, na ziwa hilo ndilo tunalokunywa.

Baada ya wiki mbili nilimwaga ile oili mpya na kuweka nyingine, ili maji yaliyobaki kwenye ekseli yatoke. Ilitoka na ukungu kidogo tu. Ni miezi minne sasa. Nimepita masika na barabara ya Kayenze yenye mashimo, nikipitisha kidole chini ya mfuniko kinatoka na vumbi kavu.

Silikoni ya kijivu nitanunua tena, tyubu ndogo, mpya kila mara, maana kwa unyevu wa hapa iliyofunguliwa haikai. Boksi bado naliweka chini kila jioni. Juzi nimeona doa moja, dogo, lakini liko mbele ya difu, usawa wa propela, ile shafti ndefu inayoleta mzunguko kwenye difu. Hiyo ni sili ya pinioni, gia ndogo inayozungusha krauni, na ile siigusi mwenyewe. Nati yake ndiyo inayoshikilia mkazo wa beringi, na nimeshaongea na fundi wa difu Nyakato aniambie siku ambayo hana foleni.