Arsenal ya Julai: kinyozi natoa nyota

Mimi ni kinyozi mtaani Umoja, Nairobi, na kila Julai hununua bando la intaneti la mwezi mzima ili wateja wangu wasinyolewe kimya kimya kama wako msibani. Mwaka 2025 bando hilo lilinipa mechi tano za Arsenal za kujipima nguvu, ugomvi mmoja na kichwa kimoja kilichoharibika. Soma kabla hujatoa pesa zako.

Kwanza, saa. Timu ikiwa Asia, mpira huanza saa nane unusu mchana kwetu, tena siku ya kazi. Mechi ya AC Milan kule Singapore, Julai 23, niliitazama na mzee mmoja tu, mstaafu, aliyekuja kutafuta kivuli. Beki wetu Kiwior akamwaga krosi, Saka akatia wavuni, 1-0, filimbi ikalia, tukapeana mikono. Nikanyoosha mkono kuchukua rimoti. Kumbe bado! Walikuwa wamepanga penalti za maonyesho hata kama kuna mshindi, na Milan wakatubwaga 6-5. Mzee akaniuliza, "Sasa kijana, tumeshinda ama tumeshindwa?" Hadi leo sijamjibu. Kiwior nampa nyota nne, ingawa alicheza kama gari lililooshwa vizuri kwa sababu linauzwa. Septemba ikamkuta Porto, klabu ya Ureno.

Mnyakaji wetu Raya nampa nyota moja, na hiyo ni kwa ajili ya glavu.

Ilikuwa Julai 31, Hong Kong, sisi na Tottenham, debi hiyo ikichezwa nje ya Uingereza kwa mara ya kwanza. Kwenye kiti nilikuwa na shabiki wa Man U aliyekuja rasmi kutucheka, nami nilikuwa namchorea laini ya mbele. Zimebaki sekunde chache twende mapumziko, Pape Sarr wa Tottenham akainua kichwa karibu na katikati ya uwanja, akaona Raya ametoka langoni kama mtu aliyeenda kununua mkate, akaupiga. Ule mpira ulikaa hewani muda wa kutosha mtu kuzima mashine. Mimi sikuzima. Ulipotua wavuni, laini ya upande wa kulia ilikuwa imepanda kidole kizima. Nikapandisha ya kushoto zilingane. Ikazidi. Nikarudi kulia. Tuliendelea hivyo, kulia, kushoto, mpaka tukakutana kwenye kipara. Alilipa nusu bei, na nilivyomwona usoni, hata hiyo nusu nilishukuru.

Mshambuliaji wetu mpya Gyökeres aliingia mechi hiyo hiyo dakika za mwisho. Mtu ametoka Sporting ya Ureno na mabao 54 katika mechi 52 za msimu wake wa mwisho, amevaa jezi namba 14 ya gwiji wetu Henry, nasi tukatarajia avunje nyavu kabla hajafunga kamba za viatu. Hakuna. Agosti 6 tukarudi nyumbani London kucheza na Villarreal, na nani akatufunga? Nicolas Pépé! Yule yule tuliyemnunua pauni milioni 72 mwaka 2019 tukamsubiri hadi macho yakaingia kutu. Tulilala 3-2. Pépé nyota tano, alizozileta miaka sita baadaye na kwa anwani isiyo sahihi.

Haki lazima itendeke, lakini. Tarehe 9, Jumamosi jioni, kinyozini watu wamejaa hadi kwenye benchi la mama mboga jirani, Zubimendi akaichonga krosi na Gyökeres akaruka akaipiga kichwa dhidi ya Athletic Bilbao. Akafunika mdomo kwa vidole vyake kama kawaida yake. Mimi nilifunika wangu kwa kitana. Tulishinda 3-0. Nyota tatu na nusu, zilizobaki nilisema nazishikilia hadi Desemba.

Odegaard alifunga penalti. Basi.

Sasa huyu kinda wetu Max Dowman. Miaka 15 wakati huo! Mpwa wangu wa umri huo alikuwa Gredi ya 9 na ukimtuma maziwa alirudi na mkate. Huyu aliingia dhidi ya Newcastle, akawazungusha watu wazima wenye ndevu nizijuazo bei ya kuzinyoa, wakamwangusha ndani ya boksi, tukashinda 3-2. Niliacha kunyoa nikatazama. Mteja pia hakulalamika. Kama bando lingekuwa na dakika zake tu, ningelinunua tena.

Siku moja tu bando halikuguswa: Agosti 3, Harambee Stars na DR Congo, CHAN (kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za nyumbani), Kasarani. Austin Odhiambo alipofunga lile bao moja, ndoo ya maji ilimwagika na hakuna aliyeuliza nani. Mwezi mzima hiyo ndiyo siku pekee ambayo sikusikia mtu akisema, "Ah, hii ni ya kirafiki tu."

Kisha Agosti 17 ligi ikaanza kwetu, Old Trafford, nyumbani kwa Man U, tukashinda 1-0. Mfungaji Calafiori, beki ambaye katika daftari langu lote la Julai sikuwa nimemwandikia hata nukta.

Jumatatu yule mteja wa Man U akarudi, nywele zimeanza kuota. Akaketi, akaitazama skrini, akanitazama mimi.

"Zima hiyo kwanza," akasema. "Ndiyo ushike mashine."