Boti ya matanga ya mtumba: mwendo mzuri, ila vishikizo vya mlingoti vimenitia hasira

Kwa dalali aliyeniuzia sinunui tena chombo, na hata angenipa boti hii kwa nusu ya bei niliyolipa ningesita. Ni futi 36, umbo la miaka ya 1980, nzito. Vipimo vingine kila mtu anaweza kuvitafuta. Ninachotaka kusema kinahusu vibao vya chuma ambavyo havionekani kwenye picha yoyote ya tangazo.

Dalali aliandika na kutia sahihi kwamba vishikizo vya nyaya za mlingoti "vimetolewa, vimekaguliwa, vimerudishwa". Nilipomwomba afungue paneli ya kabati nizione boliti, alinijibu mbele ya watu: "Kaka, umekuja kununua boti au kuibomoa? Paneli hazifunguliwi kabla ya pesa kuingia." Paneli ilipofunguliwa hatimaye, nati zote zilikuwa zimefunikwa na rangi ya kiwandani, haina hata mkwaruzo. Spana haijawahi kugusa pale. Uongo mtupu, tena wa maandishi.

Kishikizo ni kibao cha chuma kinachoshikilia waya wa ubavuni. Kinapenya sitaha, kisha kinafungwa kwa boliti kwenye kiambaza cha plaiwudi ndani ya chombo. Mlingoti mzima unasimama kwa vibao hivyo. Ubovu huanzia pale kinapopenya. Sitaha ya boti nyingi za aina hii ni tabaka mbili za faibaglasi, na katikati yake mbao laini ya balsa. Chombo kikilala upande, kishikizo hujongea kidogo sana, na kadiri miaka inavyopita gundi ya kuziba inaachia. Maji yanaingia, balsa inaoza, chuma kinabaki kimezungukwa na uji wa mbao usiokauka. Chuma kisichoshika kutu hujilinda kwa utando mwembamba wa oksidi ya kromi, na utando huo haujijengi upya pasipo oksijeni. Ndani ya sitaha hewa haifiki. Basi kinaliwa pale pale katikati, sentimita mbili tatu tu, huku juu kinang'aa na chini kinang'aa.

Vya upande wa kulia ndivyo vilivyokuwa hivyo. Kimoja kilikuwa na ufa uliokaribia nusu ya upana wake. Nusu! Upepo wa noti 25 (maili 25 za baharini kwa saa) ubavuni na mawimbi mafupi vingetosha kuangusha mlingoti juu ya watu. Halafu mtu anakuambia umekuja kubomoa.

Anayekagua boti ya namna hii agonge sitaha kwa mpini wa bisibisi kuzunguka kila kifuniko cha kishikizo. Sauti kali na kavu ni sitaha nzima. Sauti butu ni balsa iliyooza. Kipima unyevu kinasaidia, lakini karibu na chuma hudanganyika, kwa hiyo mimi naamini zaidi kugonga. Kisha ashuke chini na tochi: michirizi ya kahawia, plaiwudi iliyoanza kuachana tabaka, nati zenye ukoko. Rangi mpya kwenye kipande kidogo cha kiambaza cha zamani ni ya kutiliwa shaka kuliko doa lenyewe.

Marekebisho hayahitaji kiwanda. Funga henza ya akiba, yaani kamba ya kupandishia tanga, ukingoni mwa sitaha na uikaze ili ishike mlingoti, ndipo ulegeze waya, kishikizo kimoja kwa wakati. Toa kifuniko, kwangua gundi ya zamani, fungua boliti, vuta kibao. Kisugue mpaka king'ae, umwagie rangi ya kutafutia nyufa, uangalie hasa mstari wa sitaha na matundu ya boliti. Chenye ufa hakichomelewi, kinatengenezwa kipya cha 316L, aina ya chuma kisichoshika kutu, unene usipungue. Kwenye sitaha, kwangua balsa iliyooza kuzunguka tundu mpaka ufikie iliyo kavu, angalau sentimita 3, uache pakauke kabisa. Hapo ndipo kazi nyingi huharibika, watu hukosa subira na kuziba unyevu ndani. Paka gundi ya epoksi nyepesi kwanza inywe kwenye mbao, kisha jaza epoksi iliyokolezwa kwa poda ya silika. Ikigumu, kata tundu jipya ndani yake, chonga kingo ziwe na mteremko, uzibe kwa utepe wa butili. Silikoni usiiguse: ikiachia, mabaki yake huzuia gundi nyingine yoyote kushika.

Sasa niseme na mazuri, maana yapo. Chombo hiki kinatembea. Kwenye upepo wa noti 15 kinabisha, yaani kinapanda dhidi ya upepo, kwa noti 6 bila kupiga kifua kwenye mawimbi, kwa sababu omo yake, sehemu ya mbele, ina kina na wembamba, tofauti na boti pana za siku hizi zenye tumbo bapa. Urefu wake majini, ambao ndio unaoweka kikomo cha mwendo, ni futi 28, kwa hiyo mwisho wa mwendo wake ni takribani noti 7, na kwenye upepo wa ubavuni kinaufikia bila kusukumwa. Upepo ukizidi noti 18 usukani huanza kuvuta kuelekea joshi, upande upepo unakotoka. Punguza tanga kuu kwanza, siyo la mbele, na mkono unapumzika. Matanga ya zamani yaliyolegea huongeza mvuto huo, kwa kuwa tumbo la tanga limerudi nyuma na chombo kinalala zaidi.

Ndani, kitanda cha omo ni cha bandarini tu, baharini kinakurusha. Mahali pa kulala ni mabenchi ya katikati, yaliyonyooka, yenye kitambaa cha kumzuia mtu upande wa demani, yaani upande chombo kinakolalia. Jiko limekuzunguka pande tatu, unajibana na kupika. Vishikio vya mkono vipo kila hatua. Nilipoanza nilisema ningesita hata kwa nusu ya bei. Kwa mwendo huu na utulivu huu, boti nzima isiyofichwa kitu ningeilipia bei kamili bila kubishana.

Lakini ilifichwa! Hata injini, siku ya majaribio, niliikuta moto. Injini ya dizeli iliyopashwa kabla mnunuzi hajafika haikuonyeshi shida ya kuwaka ikiwa baridi wala moshi wake wa kwanza. Nilipompigia dalali kuhusu ufa, jibu lake lilikuwa moja: "Mtumba ni mtumba." Hapana. Mtumba uliotiwa sahihi kwamba umekaguliwa ni ahadi. Hukumu yangu basi ni kwamba boti ni nzuri, na kwa njia niliyouziwa mimi, mtu asiinunue.

Ofa iandikwe kwamba kishikizo kimoja kila upande kitatolewa mbele ya mkaguzi wa mnunuzi kabla ya malipo, mnunuzi agharimie kukirudisha, na injini iguswe ikiwa baridi. Dalali akikataa lolote kati ya hayo, amana irudi siku hiyo hiyo.