TAHADHARI: Muuzaji wa "leseni" za programu ya picha ambayo ni GIMP tupu

Jamani, kuna muuzaji anatangaza mtandaoni programu ya kuhariri picha, "leseni ya mwaka mmoja, kompyuta moja tu". Ukishalipa anakutumia kiungo cha kupakua na namba ndefu ya kuiwashia. Nimeifungua: ni GIMP ile ile, programu huria ya kuhariri picha inayotolewa bure, imebandikwa jina jingine na nembo nyingine, na majina ya wenye hakimiliki yamefutwa. GIMP halisi haidai namba yoyote. Unaipakua bure gimp.org, unaiweka kwenye kompyuta uzitakazo, na haina tarehe ya kuisha.

Wapo wanaomtetea kwamba programu huria kila mtu ana ruhusa ya kuiuza. Hapo wako sahihi, tusimwonee. Uhuria hauhusu bei. Msimbo chanzo, yaani maandishi ambayo programu imetengenezwa kwayo, uko wazi, na leseni inakuruhusu kuitumia programu kwa kazi yoyote, kuichunguza, kuibadilisha na kugawa nakala, hata kwa pesa. Lakini GIMP iko chini ya leseni ya programu huria iitwayo GPL, toleo la 3 la mwaka 2007, na hiyo ina masharti. Anayeuza nakala lazima ampe mnunuzi msimbo chanzo au njia ya kuupata, amwachie tamko la hakimiliki na nakala ya leseni yenyewe, na asimtoze ada ya kutumia haki alizokwisha kupewa. Hilo la "kompyuta moja tu" ni kikwazo cha kujitungia, na GPL inamruhusu mpokeaji kukiondoa.

(Leseni hazifanani. Leseni nyingine za programu huria, kama MIT na BSD, zinakubali mtu achukue msimbo, aufunge na kuuza, mradi abakize tamko la hakimiliki. Kwa hiyo msimwite kila muuzaji mwizi.)

Kinachonitia wasiwasi kuliko pesa ni lile faili. Aliyeweza kupachika kidai namba anaweza kupachika na kinasa nywila. Tovuti rasmi huweka alama ya SHA256 ya kila faili, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu unaokokotolewa kutoka kwenye faili, na faili likiguswa nao hubadilika. Ilinganishe na alama ya faili ulilopakua kabla ya kusakinisha.

Kama umeshalipa, iondoe programu, badilisha nywila zako, halafu mdai msimbo chanzo kwa maandishi. Asipotoa, peleka mazungumzo yenu kwa watengenezaji wa GIMP. Hakimiliki ni yao, na wao ndio wenye uwezo wa kumshtaki kwa kuikiuka.