Lulu saba, bahari saba: nimemsomea mtoto Mermaid Melody Pichi Pichi Pitch

Assalam aleikum watazamaji wangu, hamjambo, karibuni tena. Leo mezani nina majuzuu saba, ngoja niyasogeze karibu na kamera myaone vizuri. Hii ni manga, yaani hadithi ya michoro ya Kijapani, inaitwa Mermaid Melody Pichi Pichi Pitch. Mchoraji ni Pink Hanamori, hadithi imetungwa na Michiko Yokote. Hilo neno pichi pichi kwa Kijapani ni la kitu kibichi chenye uhai, kama samaki anayerukaruka ndani ya dau, katolewa majini sasa hivi. Lishikeni, maana kitabu chote kinakwenda kwa mwendo huo.

Nimeisoma yote na mtoto wa kaka yangu, ana miaka 10, yupo kwangu hapa Tanga tangu shule zifungwe. Toleo langu ni la Kiingereza, lile lililoanza kutoka mwaka 2006, kwa hiyo macho yangu yalikuwa kwenye Kiingereza na mdomo wangu unamsomea kwa Kiswahili. Usiku hadi usiku, baada ya kula, "Shangazi, tumeishia wapi?" Ndivyo tulivyoyamaliza majuzuu saba.

Hadithi yenyewe ni hivi. Lucia Nanami ni nguva. Si nguva tu, ni binti mfalme wa Pasifiki ya Kaskazini, na uwezo wake wote umo ndani ya lulu ya waridi. Miaka saba nyuma meli ilizama, akamwokoa mvulana mmoja, na ili yule mvulana asife akampa lulu ile. Sasa anakaribia kutimiza miaka 13, na bila lulu hawezi kuingia utu uzima wa kinguva. Basi anapanda nchi kavu, anajifanya binadamu, anavaa sare, anaanza shule. Na yule mvulana, Kaito, anakuwa mwanafunzi mwenzake, kijana wa kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao, ngozi imeungua jua. Lulu anayo yeye.

Halafu wanaongezeka wenzake. Hanon wa Atlantiki ya Kusini, msemaji, mpenda mavazi, lulu yake ya buluu ya maji. Rina wa Atlantiki ya Kaskazini, lulu ya kijani, mtoto wa maneno machache. Kila bahari ina binti mfalme wake, na kila binti ana rangi yake, jumla saba. Mchana ni wasichana wa shule wenye kazi za nyumbani za kumaliza. Adui akitokea, wanashika vipaza sauti, nywele zinakua, gauni linabadilika, wanaimba. Upanga hawana, fimbo ya uchawi hawana. Silaha yao ni wimbo, basi.

Jambo moja la kiufundi kabla sijaendelea. Kitabu hiki kinafunguliwa kutoka kulia. Watazamaji wengi huandika kwamba manga zinawachanganya, hawajui waanzie kisanduku kipi. Kwa mtoto aliyepita chuoni, yaani madrasa, hakuna kazi hapo kabisa. Huyu wangu alikishika, akakigeuza kama anavyogeuza msahafu wake, akaanza kulia juu, akashuka kushoto. Kama mwanao anasoma Kiarabu, mwambie tu, "Anza kama chuoni," atakuelewa papo hapo.

Sasa tazameni ukurasa huu. Nasogeza kamera. Hapa Lucia anaanza kuimba. Kurasa za nyuma zilikuwa na visanduku vitano, sita, vimebanana, watu wanaongea, wanakimbia. Ghafla visanduku vimevunjika. Mistari imeondoka, nywele zake zimetoka ukurasa huu zimevuka mpaka ule wa pili, mapovu ya maji yametanda kila mahali, na maneno ya wimbo yanaelea katikati, hayamo ndani ya kiputo cha usemi kama maneno mengine. Nilipomsomea mtoto mara ya kwanza nilipita haraka, nikasoma maneno ya wimbo kama mazungumzo. Akanizuia. "Shangazi, hapo anaimba." Nikamwambia sijui sauti yake, karatasi haina sauti. Akafikiri kidogo, kisha akayaimba yale maneno niliyomtafsiria, na sauti aliyotumia ni ya kaswida wanayoimba Maulidi. Ilikaa sawasawa. Tangu siku ile kila ukifika wimbo mimi nasoma, yeye anatia sauti, na kila nguva alimpa sauti yake. Rina alimpa ya polepole ya chini. Hanon akampa ya harusini.

Ndiyo maana nawaambia, anzeni na kitabu. Anime yake, yaani katuni ya televisheni, ipo, ilirushwa Japani kuanzia Aprili 2003 mpaka Desemba 2004, vipindi 52 msimu wa kwanza na 39 msimu wa pili, na nyimbo zake zina utamu wake, wale waliowaigiza kina Lucia ndio hao hao waliimba. Lakini mtoto akishaisikia ile sauti, atabaki nayo hiyo hiyo. Kwenye kitabu sauti ni yake mwenyewe.

Na hii ya wimbo kuwa silaha, watu wengine wanaiona kama mchezo wa kitoto. Mimi nimezaliwa pwani, siwezi kuiona hivyo. Sisi tumekulia kwenye lelemama za bibi zetu, vikundi viwili vya wanawake vinashindana kwa nyimbo mpaka mmoja anaondoka uwanjani uso umemshuka. Tumekulia kwenye taarabu, mtu anainuka kutunza huku anamtazama fulani, na kila mtu ukumbini anajua ubeti ule umempata nani. Hakuna aliyeshikwa kwa mkono, na mtu amepigwa. Kwenye manga hii maadui wanasikia wimbo, wanaziba masikio, wanapiga magoti. Kisha wanatokea ndugu wawili wa upande wa adui, Sheshe na Mimi, nao wanaimba, na nyimbo zao ndizo zinazowaumiza nguva. Wimbo unajibiwa kwa wimbo. Mtoto alicheka sana hapo kwa sababu ya jina Mimi. Kila nikisema "Mimi akaimba" anauliza, "Wewe shangazi?"

Lakini kiini cha kitabu, kile kilichonifanya nikae mbele ya kamera leo, ni kwamba huyu Lucia mwenye sauti ya kuangusha mashetani hawezi kutamka sentensi moja. Akimwambia Kaito, "Mimi ndiye yule nguva," anageuka povu. Sheria yenyewe mnaijua inatoka wapi, ile hadithi ya Hans Christian Andersen ya mwaka 1837, nguva anayeishia povu la bahari. Hapa wameichukua wakaiweka shuleni. Kaito anampenda nguva aliyemwokoa. Anamtafuta. Lucia yupo karibu, anamsikiliza akimsifia yule nguva, na yule nguva ni yeye, na anaona wivu juu ya nafsi yake mwenyewe. Kuna mchoro wa jicho lake tu, limejaa kisanduku kizima, na mdomo haukuchorwa kabisa. Mtu wa kuimba, mdomo hauonekani. Nilikaa kwenye kisanduku kile muda.

Mtoto alikasirika. "Si aandike kwenye karatasi?" Nikamjibu kwamba Kaito lazima ajue mwenyewe, pasipo kuambiwa. Akanyamaza, akasema, "Basi aangalie vizuri." Na kweli, ukisoma kwa jicho hilo, kila sura inauliza kama huyu kijana anaangalia vizuri.

Sasa nakuja kwa Sara. Asiyetaka kujua mwisho aruke mbele kidogo, nitanyoosha mkono hivi nikimaliza.

Tulipokuwa tunahesabu bahari, mtoto aliniuliza, "Na yetu?" Bahari yetu ipo. Binti mfalme wa Bahari ya Hindi anaitwa Sara, lulu yake ya rangi ya chungwa. Akapiga makofi. Nilimwacha apige, mimi nilikwishasoma mbele. Kwa sababu Sara wa Bahari ya Hindi ndiye amesimama upande wa adui.

Sara alimpenda binadamu, Taro Mitsuki, ambaye sasa ni mwalimu wa muziki pale shuleni kwa kina Lucia. Mapenzi yakavunjika, na uchungu wake ukauangamiza ufalme wake mwenyewe. Nywele za chungwa zikawa nyeusi, lulu ikaingia giza. Akaenda kukaa na mtawala wa maadui, yule anayewateka nguva wenzake. Yaani amepita njia ile ile anayopita Lucia sasa, kumpenda mtu wa nchi kavu, akafika mahali Lucia hajafika. Kila akitokea kwenye ukurasa, Lucia anajiona alivyoweza kuwa. Waandishi hawakumfanya shetani. Wamemchora amesimama wima, uso mtulivu, na kila anapokutana na piano ya Taro unaona mkono wake umekaza.

Na mwisho wake. Anarudi, anaimba na wenzake, sauti saba zinatimia, bila yeye zisingetimia. Halafu hatoki na wenzake. Jumba linabomoka na yeye anabaki ndani na yule mtawala wa maadui, kwa sababu naye alikuwa mpweke na hakuna mwingine wa kubaki naye. Nilisoma hapo sauti ikanikatika, sioni haya kusema. Mtoto aliniwekea mkono begani. "Lakini alikuwa wa kwetu," akasema.

Haya, nimenyoosha mkono, rudini.

Ya kulaumu yapo, nitayasema waziwazi maana nakipenda kitabu hiki. Kinakimbia. Hadithi ilikuwa ikitoka mwezi kwa mwezi kwenye jarida la wasichana la Nakayoshi, la kampuni ya uchapishaji ya Kodansha, jarida lililoanza mwishoni mwa mwaka 1954, na manga hii ilikaa humo kuanzia 2002 mpaka 2005. Anime ilianza kabla manga haijafika mbali, na Yokote mwenyewe ni mwandishi wa anime kwa kazi. Inaonekana. Mapigano mengi ni ya kurasa chache, adui anatokea, wimbo, adui ameondoka. Sehemu ya pili, baada ya mambo ya Sara, ndiyo inayobanwa zaidi. Watu wapya wanaingia kwa wingi na hawapewi nafasi ya kupumua. Caren wa Antaktika na Coco wa Pasifiki ya Kusini nilitamani kila mmoja apate sura tatu zake peke yake.

Halafu rangi. Hadithi nzima imejengwa juu ya rangi saba na ndani kila kitu ni cheusi na cheupe. Hanamori anawatofautisha kwa nywele, kwa mavazi, na kwa vile vidoa vidoa vya kivuli, lakini kwenye kurasa zenye nguva wengi mtoto alikuwa anapotea. Tulitatua kwa penseli za rangi, nitawaonyesha.

Wazazi wenzangu, mapenzi yamo, na kubusiana kumo, mara kadhaa. Nguva nao wamevaa makombe ya baharini kifuani, kama wanavyochorwa kila mahali. Mimi naona miaka 10 kwenda juu, na usimwachie peke yake, kaa naye. Maswali yatakuja, na ni maswali mazuri. Huyu wangu aliniuliza kama nguva wa kweli wanaimba. Nikamweleza nguva wetu, yule mnyama mkubwa wa kijivu anayekula majani ya baharini na kumnyonyesha mtoto wake, na kwamba kwetu Tanzania wamebaki wachache mno, huko Rufiji na Mafia, na nyavu zinawaua. Hakuwa anajua kuwa jina ni moja. Alinyamaza muda mrefu kuliko nilivyotegemea.

Kuhusu kuyapata, nilinunua yaliyotumika, mtandaoni, kwa muuzaji wa nje. Yalikuja sita, la nne halimo, na boksi limeingia maji pembeni. Ilinichukua barua nyingi na wiki nyingi mpaka la nne likaja. Kwa hiyo mwombeni muuzaji awapige picha migongo yote saba kwa pamoja kabla hamjatuma pesa, na msianze kumsomea mtoto mpaka yote yako mkononi. Sisi tulikaa wiki zile zote hatujui Lucia amefikia wapi, na kila siku anaulizwa.

Naam, penseli. Angalieni hapa, hili ndilo juzuu lenye mwisho wa Sara. Lucia hajapakwa rangi, Hanon hajapakwa, ukurasa wote mweusi na mweupe. Nywele za Sara peke yake, tangu utosini mpaka zinapozama ukingoni mwa ukurasa, amezitia rangi ya chungwa, na amekandamiza penseli mpaka karatasi imeng'aa. Ukipitisha kidole unausikia mkono wake. Majuzuu sita nitamwazima yeyote wa hapa Tanga anayetaka kuanza. Hili halitoki.