Mhasibu wa Kongowea aliyenipangia kodi: pesa yangu haikwenda bure

Nilipoacha kazi ya hoteli ili nishone makochi kwangu, jamaa wa saiba alinisukuma nisajili kampuni. Sikujua kampuni hulipa asilimia 30 ya faida. Bahati nzuri nilimwendea kwanza mama huyu, mhasibu wa Kongowea, Mombasa.

Hakufungua kompyuta. Aliniambia, "Mwanangu, toa risiti." Nikamwaga mfuko mzima mezani: vitambaa, sponji, misumari, nauli ya mkokoteni. Akazipanga moja moja, akapiga hesabu kwa kalamu. Mauzo shilingi 120,000 kwa mwezi, gharama 78,000, faida 42,000. Kodi ya mauzo, ile ya asilimia 3 ya mauzo kwa biashara zinazouza kati ya shilingi milioni 1 na 25 kwa mwaka, ingekuwa 3,600 kwa mwezi. Kodi ya kawaida ya mapato, inayokatwa kwenye faida, baada ya kuondoa nafuu ya mlipa kodi ya 2,400 kwa mwezi, ingekaribia 5,000.

Kilichonigusa ni kwamba hakuishia hapo. Alinionyesha kuwa faida ikishuka hadi 30,000, kodi ya kawaida ni 1,500 tu, ilhali ile ya mauzo haijali gharama; hata ukipata hasara unalipa. Ukiona hiyo ya mauzo haikufai, unaiandikia KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, kujiondoa.

Kwa kuwa kwa sasa 3,600 ni chini ya 5,000, nimechagua ya mauzo. Nalipa kabla ya tarehe 20 kila mwezi.

Ada yake ni 2,500. Foleni ya Jumamosi ni ndefu mno, na ofisi ina joto. Nenda Jumanne asubuhi, na risiti zako zote.